Lektriksi

Kitu cha kwanza alichokiona Redempta kwa Profesa kilikuwa kidole gumba. Kabla hajajua kama mzee yule ni mkali au mpole, kabla hajajua anakunywa chai au kahawa, alimwona akikilamba kidole kile kuanzia kwenye ukucha mpaka kwenye fundo, kisha akafunua ukurasa. Akasoma kidogo. Akakilamba tena. Vitabu vya nyumba ile vilijaa kuta tatu za sebule, na kila kimoja kilikuwa na doa la rangi ya chai kwenye pembe za chini za kurasa. Redempta alipovifuta vumbi alivishika mgongoni kwa vidole viwili, kama mtu anavyomshika panya mkia ili akamtupe.

Ilikuwa Al Mankhool, Dubai, ghorofa ya saba, mwaka 2016. Profesa alikuwa Mwingereza, anafundisha chuoni siku tatu kwa wiki, na siku zilizobaki alikuwa akiandika kitabu ambacho hakikuisha. Madam, mkewe, alimweleza Redempta wiki yake ya kwanza ya kazi za ndani, huku akimwonyesha meza ambayo haikutakiwa kupanguswa.

"Ni kitabu kuhusu Kilatini cha zamani. Lakini si kuhusu waandishi. Ni kuhusu wale waliokuwa wakisikiliza. Warumi wakubwa hawakujisomea, unaelewa? Walisomewa. Mezani, kitandani, hata bafuni."

Redempta aliitikia "Yes, madam," kama alivyoitikia kila kitu. Alikuwa msichana wa miaka ishirini na mbili ambaye sauti yake, hata akiagiza nyanya dukani, ilibidi muuza duka ainame kuisikia.

Mwishoni mwa mwaka wa pili wa Redempta pale, Profesa alipasuliwa macho. Alirudi nyumbani amefungwa bandeji, akakaa sebuleni akinung'unika kwamba kazi imelala. Madam alijaribu kumsomea. Kilatini kilimkwama kooni, akawa anasoma neno moja na kuomba radhi mara mbili. Asubuhi ya pili alitupa kitabu kwenye kochi, kikabaki wazi, akaondoka zake. Redempta alikuja kukiinua. Macho yake yakaangukia mstari, na mdomo ukausoma wenyewe, polepole, kama anavyosoma mtu anayechambua mchele.

"Nani huyo?" Profesa akauliza.

"Mimi, sir. Samahani, sir."

"Nani alikufundisha?"

"Babu, sir."

Babu yake, mzee Severin, alikuwa katekista huko Kagera tangu enzi ambazo misa ilisomwa kwa Kilatini. Alikuwa amewafundisha wajukuu nyimbo zote za zamani, na kusoma maneno yake kwenye kitabu chenye jalada la ngozi. Maana aliwaambia chache tu. Kusoma kwenyewe hakukuwa na kazi: Kilatini kinasomeka kama Kiswahili, a ni a, i ni i, herufi haikudanganyi. Profesa alimsahihisha jambo moja, kwamba pale ambapo babu alisema "che" kama mapadre, Warumi wenyewe walisema "ke". Basi. Kuanzia siku hiyo, kila saa nne asubuhi ilipofika Redempta aliacha ufagio, akaketi kwenye kiti kilichowekwa nyuma ya bega la Profesa, akasoma.

Kazi hiyo ilimtia kinyaa na raha kwa pamoja, na hakujua afanye nini na vitu viwili hivyo. Kurasa ziligandana kwa mate ya miaka. Zilipotengana zilitoa mlio mdogo, na harufu ya kinywa cha mtu aliyelala mchana. Alikuwa akija na kitambaa chenye maji ya siki, anajifuta vidole kila baada ya kurasa mbili. Profesa aliposikiliza midomo yake ilikuwa wazi, na kwenye pembe moja ya mdomo kulikuwa na povu dogo jeupe lililopanda na kushuka. Lakini alisikiliza. Darasa la tano, shuleni kwao, mwalimu alimsimamisha Redempta asome, sauti ikakatika, darasa zima likacheka mpaka mwalimu naye akacheka. Mwaka huohuo mama yake aliugua, naye akabaki nyumbani kumuuguza, na hakulilia shule hata siku moja. Sasa mtu aliyesoma maisha yake yote alikuwa akinyamaza ili yeye aseme.

"Wewe ni lektriksi wangu," Profesa alimwambia bandeji zilipotolewa. Hata baada ya macho kupona hakutaka kuacha kusomewa.

Redempta alilibeba neno lile mpaka chini, kwenye meza ya mlinzi, ambapo Jecinta alikuwa zamu. Jecinta alikuwa Mkenya wa Kakamega, mnene, mcheshi, na ndiye rafiki pekee wa Redempta katika jengo lile.

"Ati nini?" Jecinta aliuliza. "Lektriksi? Wamekufanya fundi wa stima?"

"Si umeme, dada. Ni Kilatini. Ni mwanamke anayesoma."

"Aki, wewe! Sisi wengine tunaitwa security mpaka tunasahau majina, wewe unapewa cheo cha Roma. Hebu nisomee hiyo notisi ya lifti kwa Kilatini."

Redempta alicheka akiwa ameziba mdomo. Na kwa sababu ya cheo kile alithubutu jambo ambalo asingelithubutu mwaka uliopita. Misa ya Kiswahili ilikuwa Ijumaa saa tisa alasiri, maana Ijumaa ndiyo siku ya mapumziko ya nchi ile. Gerishom, kiongozi wa kwaya, alikuwa akitafuta mtu wa kusoma somo la kwanza kwenye sikukuu ya jumuiya, mbele ya watu mia tatu. Miaka miwili Redempta alikuwa akijificha nyuma ya wanawake warefu wa sauti ya pili. Safari hii aliinua mkono.

"Wewe?" Gerishom alisema, si kwa dharau, kwa mshangao tu. "Haya. Ila usinong'one, dada. Watu wa nyuma nao wamekuja."

Alilifanyia mazoezi somo lile jikoni wiki tatu, akiwasomea masufuria.

Wiki hiyohiyo ya sikukuu, Profesa aliamua kufanya karamu. Kuchapisha kitabu chake kulihitaji watu wa kumshika mkono kwa fedha, na Madam alisema wazo zuri ni chakula cha mchana cha Kirumi, Ijumaa, kuanzia saa sita na nusu. Redempta atasoma.

"Madam, Ijumaa nina kanisa. Nina somo."

"Saa nane utakuwa umemaliza. Nakuahidi."

Siku moja kabla, Madam alileta kadi nene za kupanga mezani, moja ya kila mgeni, na moja zaidi. Hiyo moja iliandikwa kwa wino mweusi uliokolea: LECTRIX REDEMPTA. Redempta aliitazama kwa muda mrefu. Jina lake lilikuwa la Kilatini, babu ndiye aliyelichagua, akimwambia tangu mdogo kwamba maana yake ni aliyekombolewa. Aliipiga picha kadi ile, akaituma kwenye simu ya binamu yake Nestori, ambaye ndiye humsomea babu ujumbe.

Asubuhi ya Ijumaa alikuta kwenye simu sauti ya babu, nzito, na kuku wakilia nyuma yake. "Mke wangu Redempta," alianza, kwa ule utani wa babu na mjukuu. "Nestori amenisomea. Msomaji aliyekombolewa! Nimeipeleka simu kwa paroko aione mwenyewe. Wasomee hao, mama. Halafu unieleze, walikusikiliza?"

Akaiweka simu mfukoni na kwenda kumenya kamba, wale wa baharini.

Wageni walikuwa kumi na wawili. Walivua viatu mlangoni, wakajifunga mashuka juu ya nguo zao. Yalikuwa mashuka ya vitandani, aliyafua yeye, akayapiga pasi yeye. Kisha wakalala ubavu kwenye makochi na mito iliyotandazwa sakafuni, maana Warumi walikula wamelala. Miguu mitupu ikatokeza upande huu na huu, visigino vimepasuka, na kucha moja ilikuwa ya njano, nene kama pembe. Mwanamke mmoja aliweka unyayo wake karibu na sahani ya jibini, na jibini lenyewe lilinuka kama unyayo, hata Redempta hakujua harufu ipi ni ya nini. Yeye alivalishwa kanzu ya rangi ya majivu aliyonunuliwa na Madam, akapewa kisanduku cha kusimamia.

"Na mifupa?" mgeni mmoja aliuliza, mkono hewani.

"Chini!" Profesa alisema kwa furaha. "Warumi walitupa chini. Kulikuwa na watu wa kufagia."

Basi vikaanza kudondoka. Maganda ya kamba, vichwa vya kamba vyenye macho, kokwa za zeituni zilizotoka midomoni zikiwa zinang'aa. Kokwa moja ilibingirika mpaka kwenye kidole cha mguu cha Redempta, ikasimama hapo, ya moto bado.

Mgeni mmoja tu hakujifunga shuka. Alikuwa mzee Thuwein, mwenye kanzu nyeupe na kofia, mtu wa Unguja aliyehamia Dubai ujanani na kutajirika kwa biashara ya mbao. Madam alikuwa amesema ndiye anayetazamiwa kuliko wote katika mambo ya kitabu. Alikaa kwenye kiti cha kawaida, sahani mapajani. Redempta alipompelekea maji alimwamkia bila kufikiri, kwa kuiona ile kofia tu.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu! Kumbe wetu. Wa wapi wewe?"

"Bara, mzee. Kagera."

"Basi leo tutakusikiliza."

Profesa akapiga makofi mara mbili. Akawaeleza wageni kwamba zamani tajiri aliyetunga mashairi alikuwa akiwaita watu kula, anawalisha vizuri, nao wanalipa kwa kusifu. "Ndiyo maana nimewalisha," alisema, wakacheka. Akampa Redempta kijitabu alichokitunga mwenyewe kwa ajili ya siku hiyo, mashairi ya Kilatini juu ya karamu. Wageni nao walikuwa na karatasi zao, zilizoandikwa Kiingereza. Redempta hakupewa karatasi.

Akasoma. Mwanzoni sauti ilitetemeka, halafu ikakaa. Sebule nzima ikanyamaza, hata yule wa jibini aliacha kutafuna. Alimkumbuka Gerishom, akawasomea watu wa nyuma. Alipofika ukurasa wa pili mtu alicheka, macho kwenye karatasi. Akacheka na mwingine. Kicheko kikamfikia kabla hajamaliza mstari, kana kwamba walikuwa wamefika mbele na wanamsubiri. Walikuwa wakiangalia karatasi, kisha wakimwangalia yeye, kisha karatasi. Aliposhusha kijitabu walipiga makofi na mikono yenye mafuta ya kamba.

"Bravo, lektriksi! Pumzika, halafu tena," Profesa alisema.

Redempta alipita na birika la maji. Alipofika kwa mzee Thuwein aliinama.

"Mzee, samahani. Wamecheka nini?"

Mzee Thuwein alikuwa bado anatabasamu. "Hukwambiwa? Mambo ya mzaha tu, mwanangu." Akashika karatasi mbali na macho, akamgeuzia kwa Kiswahili taratibu, kama mtu anayemsomea mgonjwa barua yake. "Yasema: huyu ndiye msomaji wetu, tumemnunua ng'ambo. Sauti yake kengele. Kichwa chake nacho kengele, ndani kitupu, mna ulimi mmoja. Msimuulize maana, muulizeni maji ya kunywa."

Birika lilikuwa zito ghafla.

"Na hapa juu," mzee aliendelea, akigonga kichwa cha karatasi kwa kidole, "wameeleza. Lektriksi, kijakazi wa kusoma. Redempta, aliyenunuliwa."

"Hilo ni jina langu, mzee."

"Ndiyo utamu wake! Ndilo lililowachekesha zaidi." Akamtazama usoni, tabasamu likapungua kidogo. "Usitie moyoni. Hata kwetu Unguja, kwa bibi yangu, alikuwapo mmoja wa kununuliwa, kizee, kazi yake kutuimbia tulale. Tukimpenda mno."

"Aliitwa nani?"

Mzee Thuwein alikunja karatasi. "Wallahi limenitoka," alisema.

Saa ya ukutani ilionyesha nane na robo. Simu ilikuwa mfukoni mwa kanzu ya majivu, imelalia paja lake, na ndani yake picha ilikuwa imekwisha kwenda, imekwisha kusomwa, imekwisha kupelekwa parokiani. Paroko alijua Kilatini vizuri kuliko babu.

"Lektriksi!" Profesa aliita. Alikuwa amelala chali sasa, shuka limemtoka kifuani, ganda la kamba limenata kwenye nywele nyeupe. "Ile ya kengele. Tena!"

Akapanda kwenye kisanduku. Hakujua kwa nini alipanda. Miguu ilikuwa imezoea. Akafungua kijitabu, akatafuta ukurasa wa pili, ukagandana na wa tatu kwa sababu Profesa alikuwa akifanya mazoezi nacho wiki nzima. Redempta akainua kidole gumba, akakilamba, kuanzia kwenye ukucha mpaka kwenye fundo, akafunua.

Ladha ndiyo iliyomwambia. Ladha ya chai iliyolala, ya dawa ya macho, ya kinywa cha mtu mwingine. Kidole cha Profesa kilikuwa kimeshika pembe ile wiki nzima. Alitazama gumba lake likimeta, akajua kwamba hii haikuwa mara ya kwanza. Amekuwa akifanya hivi tangu lini? Kitambaa cha siki alikiacha lini?

Wageni walikuwa wakisubiri. Ganda likadondoka mahali fulani, tap.

Redempta alishuka. Aliweka kijitabu chini, katikati ya vichwa vya kamba, uso ukitazama sakafu, akaenda jikoni. Alifungua bomba. Alisukutua kwa maji, akasukutua kwa chumvi, kisha akachukua sabuni ya vyombo akajipaka kwenye ulimi na kusugua kwa kidole kile kile mpaka akatapika kwenye sinki. Hakuwa amekula kitu, ikatoka nyongo tu.

Madam aliingia, shuka begani. "Redempta? Yalla, watu wanangoja."

"Madam, ni nane na nusu. Uliniahidi saa nane."

"Dakika kumi tu. Mzee Thuwein yuko pale, unajua maana yake kwetu."

"Hapana, madam."

Katika nyumba ile hakuna aliyewahi kulisikia neno hilo kutoka kinywani mwake. Madam alitazama sinki, akatazama pembeni haraka.

"Na ile sakafu? Nani atafagia?"

"Nitafagia jioni," Redempta alisema, akatoa simu mfukoni, akaivua palepale jikoni kanzu ya majivu aliyokuwa ameivaa juu ya gauni lake la kanisani. Jioni angerudi. Pasipoti yake ilikuwa kwenye droo ya Madam, na ndoo zilikuwa zake.

Chini, Jecinta alimwona akipita mbio. "We, fundi wa stima! Wamekukatia umeme?" Kisha akamwona uso, akamfungulia mlango.

Alifika kanisani wakati wimbo wa kuingilia unamalizika. Gerishom alikuwa amekwisha kumwita mtu mwingine, akamwona mlangoni, akamrudisha yule kwa ishara ya mkono. Redempta alipanda mbele akihema, mdomo ukinuka sabuni ya limau. Watu mia tatu. Wengi waliinama wakaangalia vitabu vyao vya misa, na alipoyaona macho yale yakishuka kwenye karatasi, akangoja kicheko. Hakikuja. Wao na yeye walikuwa na maneno yaleyale.

Somo lilivuka ukurasa. Gumba likaanza kupanda lenyewe kuelekea mdomoni, akaliona, akalishusha. Alihangaika na pembe ya karatasi kwa kidole kikavu, ikateleza, ikateleza tena, na kanisa zima likasikia kimya kile. Mwishowe ikafunuka. Akasoma mpaka mwisho, watu wa nyuma nao wakasikia, na baadaye Gerishom akampa mkono. Redempta alisema asante. Hakuhisi kitu isipokuwa limau.

Baada ya misa alikaa kwenye ukingo wa ukuta wa ua, jua likiwa bado kali. Babu alikuwa ametuma sauti nyingine. Paroko ameicheka ile kadi kidogo, alisema, hakueleza sababu, mapadre wana mambo yao. "Lakini hujanijibu, mke wangu. Walikusikiliza?"

Redempta alibonyeza kitufe cha kurekodi. "Shikamoo babu. Ndiyo, walifurahi sana." Akafuta. Akabonyeza tena. "Shikamoo babu. Wale ni watu wabaya." Akafuta hiyo pia, ingawa haikuwa uongo. Wanawake wa kwaya walipita wakimpigia vigelegele, akawapungia mkono. Alipobonyeza mara ya tatu alisema kwa sauti yake ya kawaida, bila kunong'ona.

"Shikamoo babu. Walinisikiliza. Walikuwa wananitukana kwenye karatasi zao, na mimi ndiye niliyekuwa nawasomea matusi. Sikujua. Lakini babu, walipoanza kucheka nilidhani wamependa. Nikaongeza sauti."